Kidole gumba kimepata raha, breki bado ziko mbali

Wateja wangu wenye baiskeli za TT si wengi, lakini wana maneno kuliko wengine wote wakijumlishwa. Mwenye baiskeli ya mlimani analeta, analipa, anaenda zake. Mwenye TT anaketi kwenye kreti ya soda pale mlangoni, anakunywa chai yangu na kuniuliza nina maoni gani kuhusu vitufe vya kubadilishia gia. Siku hizi ni vitufe tu. Nani ameweka visivyo na waya, nani bado anavuta kebo, vya kampuni gani vinabofyeka vizuri ukivaa glavu. Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka, kwa hiyo nayaandika hapa yote, ya kwao na ya kwangu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona, baiskeli ya TT (time trial) ni ile ya kukimbizana na saa. Hakuna kundi, hakuna kujificha upepo nyuma ya mtu. Unaondoka peke yako na saa inahesabu. Ina usukani wa namna mbili kwa wakati mmoja. Wa chini ni mpana na umetoa pembe mbili mbele kama za fahali. Juu yake kuna mirija miwili myembamba iliyonyooka mbele, pamoja na mito ya kulaza viwiko. Ukilala pale mikono inakusanyika mbele ya uso na upepo unakupita. Gia ziko kwenye ncha za mirija, breki ziko kwenye pembe za chini. Maana yake, ukiwa katika mkao wa mbio una gia na huna breki. Na kwa miaka mingi, ukishuka kwenye pembe unapata breki lakini gia umeziacha juu.

Mirija yenyewe ilipata umaarufu mwaka 1989. Mmarekani Greg LeMond alilala juu yake kutoka Versailles hadi Paris, kilomita 24.5, akampiga mpinzani wake Laurent Fignon sekunde 58 siku ile na kuchukua Tour de France nzima kwa sekunde 8. Fignon alikuwa na pembe tupu, nywele zake zikipeperuka. Baada ya hapo nani angebaki na pembe tupu? Mikono ikahamia mbele na gia zikaifuata huko. Breki hazikufuata.

Kuna mwalimu mstaafu wa hesabu, tunamwita Mzee kwa heshima na kwa sababu anatupita wengi tukipanda mlima, ambaye bado anatumia leva za ncha za kampuni ya Shimano, Dura-Ace za gia 9, zile SL-BS77. Ni vijiti viwili vifupi vya chuma vilivyochomekwa kwenye ncha za mirija. Ukisukuma kimoja, kebo inavutika na cheni inaruka. Mlio wake ni tak, mkavu, unausikia hata ukiwa nyuma yake. Kijana mmoja alimcheka. Mzee akamwambia, "Mwanangu, mimi nikigusa kijiti najua niko gia gani. Wewe mpaka uulize simu."

Nami namuunga mkono kwa hilo. Kijiti cha zamani kinabaki pale ulipokiacha, kikiwa kimeinama au kimesimama kulingana na gia, kwa hiyo kidole kinasoma bila macho kutoka barabarani. Zaidi ya hapo, leva ile ina sehemu ya kuzungusha inayoondoa vituo, ikabaki inateleza tu. Baiskeli ikianguka na mkono wa gia ya nyuma, ule unaohamisha cheni, ukapinda kidogo, unazungusha, unatafuta gia kwa sikio, unafika nyumbani. Kitufe hakina huruma hiyo.

Ila kebo ya TT ni mateso ya fundi. Inatoka kwenye ncha ya mrija, inapita ndani, inakunja kona kali kwenye usukani, inazama kwenye fremu na kuibukia nyuma. Kila kona inaongeza msuguano. Msimu mmoja wa vumbi la Kajiado unatosha kuifanya gia ya nyuma iwe inachelewa, na mwenyewe atakuja kunilaumu kwamba sikuifunga vizuri.

Hatua iliyofuata ilikuwa leva zinazorudi katikati. Kampuni ya SRAM waliziita R2C, wenzao Campagnolo nao wakawa na zao. Unasukuma, gia inabadilika, kijiti kinarudi pale pale kilipokuwa, na mkono haubadilishi umbo mbele ya upepo. Waliowahi kuzitumia wanazisifu hadi leo. Mimi niliifungua moja nikaona springi zilizomo, nikaifunga. Kuna kazi mtu anazikataa na bado anabaki fundi.

Kisha umeme. Shimano walileta Di2 mwaka 2009, SRAM wakaleta eTap isiyo na waya mwaka 2015, na hapa ndipo mazungumzo ya kreti ya soda yanapopotea njia. Watu wanasifia ulaini wa kitufe: unagusa, mota inalia zii, umemaliza. Ni kweli, ni laini. Lakini jambo kubwa la umeme ni lingine kabisa. Kebo inavutwa na leva moja tu. Mota inaweza kupokea amri kutoka sehemu kadhaa. Kwa mara ya kwanza ukaweza kuweka kitufe kwenye ncha ya mrija na kingine kwenye pembe ya chini, kando ya breki, vyote vikiamuru gia ile ile. Ukishuka kwenye pembe kwa kona au kilima hauachi gia nyuma. Kwangu mimi hayo ndiyo maendeleo, na ndiyo sehemu ambayo wateja wangu wanaitaja mwisho, kama wanaitaja.

Wanachobishania ni idadi ya vitufe. Mpangilio wa kwanza wa Shimano kwenye mirija ulikuwa na vitufe viwili kila upande. Baadaye wakaja na kimoja kila upande, SW-R9160, wa kulia unapeleka gia huku, wa kushoto unapeleka kule, na cheni inahama yenyewe kwenye sahani za mbele, zile za meno kwenye pedali, kompyuta ikiona inafaa. SRAM wao tangu mwanzo: kulia gia nzito, kushoto gia nyepesi, ukibofya vyote kwa pamoja sahani ya mbele inahama.

Daktari wa meno mmoja anayeendesha nasi hataki kusikia habari ya kompyuta kumhamishia sahani. Anasema kilima cha kwenda Limuru anakijua yeye, si programu. Dada mmoja wa triathloni (kuogelea, baiskeli, kukimbia) yuko upande wa pili kabisa. Anasema asubuhi ya mwezi wa saba huko Limuru vidole vimekufa ganzi, vitufe viwili vilivyokaa karibu karibu anavibofya vyote bila kujua, na akishapiga pedali saa moja hataki kufikiri tena. Kimoja kulia, kimoja kushoto, basi. Nilijaribu baiskeli zao zote mbili na nikaishia kwa dada. Ukiwa umechoka, akili inabakiwa na kulia na kushoto, na hata hivyo viwili vinahitaji kubembelezwa.

Kasoro ya vitufe vya waya wenye navyo hawaioni, naiona mimi. Chupa ya maji siku hizi inakaa katikati ya mirija, chini ya kidevu. Mtu anakunywa kinywaji chenye sukari na chumvi, kinamwagika, jasho nalo linadondoka juu yake, vyote vinatambaa kwenye mrija hadi kwenye plagi ndogo isiyozidi punje ya mchele kwa unene. Nilivuta moja hivi karibuni ikatoka na unga wa kijani. Mwenyewe alikuwa ameshanunua betri mpya na mkono mpya wa gia ya nyuma, kwa ushauri wa duka moja mjini, wakati tatizo lilikuwa hilo vumbi la kijani. Nikaisafisha kwa spiriti na mswaki, nikatia grisi kidogo, gia zikarudi.

Vya SRAM visivyo na waya vinaondoa plagi hiyo. Ni vipande vidogo unavyobandika popote chini ya utepe, havihitaji hata boksi la kuviunganisha. Kufunga ni dakika chache, kwangu ni hasara ya kazi lakini nafurahi. Shida ni betri iliyozibwa ndani. Haichajiwi, haibadilishwi, ikiisha unatupa kitufe na kununua kingine. Mnunuzi wa kwanza hatasumbuka, atakuwa ameiuza baiskeli kabla. Lakini sisi hapa ni wanunuzi wa pili na wa tatu. Baiskeli nyingi za TT ninazozigusa zimeshaishi maisha mengine Uingereza au Marekani kabla ya kushuka hapa. Ukinunua mtumba wenye vitufe hivyo, unanunua na umri wa betri usioujua. Kwa hiyo nawaambia: punguza bei ya vitufe kwenye hesabu kabla hujalipa.

Tukiwa kwenye mtumba: baiskeli ya Uingereza breki ya mbele iko mkono wa kulia kama tulivyozoea hapa. Ya Marekani iko kushoto. Kwa breki za kebo nabadilisha nikiwa naongea na simu. Kwa breki za mafuta zilizofichwa ndani ya usukani na fremu, ni kufungua mipira ya mafuta, kukata, kutoa hewa upya, na kuna mapovu yanayokwama kwenye kona ya juu hadi unaning'iniza baiskeli pua juu. Wengi wakisikia bei wanasema watazoea. Usizoee. Siku ya hofu mkono unarudia ulichojifunza utotoni.

Sasa leva za breki zenyewe, ambazo ndizo nilizotaka kuandika tangu mwanzo.

Ukiacha Rongai na Kiserian ukafika Kona Baridi, barabara ya Magadi inaanguka. Upepo wa Ngong unakuja kutoka ubavuni, si wa kudumu bali wa vipande, unapita kati ya vilima na kukupiga ukiwa hujajiandaa. Kilomita 54 kwa saa pale si kasi ya kujisifu nayo, baiskeli yenyewe inaipata. Kwa kasi hiyo, sekunde moja ni mita 15. Ukiwa umelala kwenye mirija na mbuzi akaamua kuvuka, lazima uinue kiwiko, uinue mkono, uushushe kwenye pembe, uitafute leva, kisha ndipo uanze kufunga breki. Wakati huo wote baiskeli inaongozwa na mkono mmoja uliobaki mbele, mahali ambapo usukani una nguvu ndogo kuliko popote. Hesabu mita 15 mwenyewe, kisha mwangalie tena mbuzi.

Namba hiyo ya 54 sikuiokota ovyo. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kufundwa na David Kinjah kwenye barabara hizi hizi, alikuwa kwenye kasi ya takriban hiyo tarehe 12 Juni 2019 karibu na Roanne, Ufaransa, akikagua njia ya TT ya mbio za Critérium du Dauphiné. Aliachia mkono mmoja apenge kamasi, upepo ukaishika gurudumu la mbele, akagonga ukuta. Paja, kiwiko, mbavu. Mtu aliyekuwa ameshinda Tour de France mara nne. Januari 2022 bingwa mwingine wa Tour, Egan Bernal, akiwa mazoezini kwao Colombia kwenye baiskeli ya TT, aligonga nyuma ya basi lililokuwa limesimama. Baada ya hapo Froome akauliza hadharani kama baiskeli hizi zina haja ya kubaki katika mbio za barabarani.

Kwenye kreti ya soda swali hilo liliwagawa watu. Mzee alisema Froome ana haki ya kuuliza, amelipa. Dada wa triathloni alikasirika. Alisema ukiondoa baiskeli za TT umeondoa mchezo wake mzima, na dawa ni kufanya mazoezi kwenye barabara iliyofungwa. Barabara iliyofungwa, Nairobi! Daktari alitoa mfano wa wanaokufa kwa kuteleza bafuni, akanyamazishwa.

Mwanafunzi mmoja wa chuo akauliza lile swali la wazi: kwa nini wasiweke breki kwenye ncha za mirija? Ni swali zuri na jibu lake ni la mwili. Ukifunga breki kwa nguvu uzito unarushwa mbele. Kwenye pembe za chini unanyoosha mikono na kujizuia, umeshika kwa upana, unaweza kuiongoza baiskeli. Ukiwa umelala, uzito unatua kwenye viwiko, hakuna cha kusukuma nacho, na mikono imebanana katikati. Ungesimamisha gurudumu kabla ya kujisimamisha wewe. Kwa hiyo breki itabaki chini. Kinachoweza kupunguzwa ni safari ya mkono kwenda huko.

Na safari hiyo imerefuka. UCI, shirikisho la baiskeli duniani, walibadilisha kanuni mwaka 2023 wakaruhusu ncha za mirija ziinuke zaidi juu ya mito ya viwiko kulingana na urefu wa mtu: sentimita 10 kwa walio chini ya 180, 12 kwa wa 180 hadi chini ya 190, 14 kwa wa 190 kwenda juu. Ndiyo maana sasa mikono imepanda hadi mbele ya uso kama mtu anayeomba dua. Upepo unapungua, sibishi. Vitufe vikafinyangwa ndani ya vishikio vya kaboni vilivyoumbwa kwa kiganja cha mtu. Kidole gumba kimejengewa nyumba. Leva ya breki iko pale pale ilipokuwa, mkono ndio umehama.

Kigali ilinithibitishia haya kuliko nilivyotarajia. Nilikwenda Septemba 2025 kwa ubingwa wa dunia, wa kwanza kufanyika Afrika, nikasimama kwenye kilima cha mawe cha Kimihurura siku ya TT ya wanaume. Kilomita 40.6, milima kila upande, mita 680 za kupanda. Mbelgiji Remco Evenepoel alikuja akamkuta Mslovenia Tadej Pogačar, aliyeondoka dakika mbili na nusu kabla yake, akampita pale pale kwenye mawe huku watu wakipiga kelele kana kwamba ni mtoto wa Nyamirambo, mtaa wa hapo hapo Kigali. Wenzangu walikuwa wanatazama nyuso. Mimi nilikuwa natazama mikono. Kwenye mawe yale mpanda baiskeli ameshika pembe za chini, na anabadilisha gia bila kuhamisha mkono, kidole kimoja tu kinacheza kando ya leva ya breki. Kwenye njia tambarare ya Ulaya vitufe vya ncha vinafanya kazi karibu yote. Kwenye njia yenye vilima kama vya kwetu, kitufe cha pembe ndicho kinachochapa kazi.

Ndiyo maana napenda leva za Shimano ambazo kitufe kimejengwa ndani ya mwili wa breki yenyewe. Kwenye SRAM, leva yao ya TT ya mafuta ni ya breki pekee. Kitufe unakibandika wewe pembeni, na fundi mvivu anakibandika mahali ambapo mkono haufiki. Dada wa triathloni ana vidole vifupi, na kwake tulikaa jioni nzima na utepe wa karatasi, akishika, akiachia, akishika tena, hadi tukapata mahali ambapo anabofya kwa kidole cha shahada bila kulegeza breki. Pia tukaisogeza leva ndani kwa skrubu yake ndogo. Hiyo skrubu watu wengi hawajui ipo. Leva inakuja ikiwa imewekwa kwa ajili ya kiganja cha Mholanzi, na wanaendesha hivyo miaka.

Breki za mafuta zenyewe sina ugomvi nazo, pamoja na mateso ya mapovu. Wakati wa breki za rimu, zile zinazobana ukingo wa gurudumu, wahandisi waliificha breki ya nyuma chini ya krenki, karibu na ardhi, ili upepo usiione. Upepo haukuiona, tope liliiona. Kebo ikakunja kona zote zile hadi chini, ukibana leva unahisi unabana sifongo. Ukija na baiskeli ya namna hiyo nitaifunga kadiri iwezekanavyo na nitakuambia ukweli: breki yako ni ya mbele.

Wiki iliyopita kijana mmoja alikuja na bajeti yake ameiandika kwenye simu. Baiskeli yake ina breki za kebo zilizochoka, pedi zimeisha, leva moja imelegea. Nikampangia: kwanza breki, kebo mpya, pedi, leva zinazoingia mkononi mwake. Pili, vitufe vya pembe. Vya ncha mwisho, pesa ikibaki. Akasikiliza kwa adabu, akakubali kwa kichwa kila nilichosema, akaniita mkubwa. Kisha akalipia vitufe vya ncha. Breki, amesema, mwezi wa kumi na mbili. Nimemwekea pedi mpya bila kumtoza, na nimemwambia Magadi asiende.